Hesabu ya Mara Tatu

Kwa miaka kumi na minne mimi ndiye sauti ya stesheni yetu, na kwa miaka hiyo yote nimedanganya watu kwa mshahara. Treni ikikwama saa mbili njiani, nilitangaza dakika arobaini. Zikiisha, nikatangaza arobaini nyingine, kwa sauti ileile ya asali. Stesheni masta alinifundisha mwenyewe siku ya kwanza: "Hasira ya abiria, mama, hutolewa kama dawa ya kikohozi. Kijiko kimoja kimoja. Ukimpa chupa nzima atakuja kuitapikia ofisini kwangu."

Abiria nao si wajinga. Aliyewafumbua macho ni baba yangu mzazi, fundi viatu mstaafu, mtu wa kusafiri mara kwa mara kumtembelea dada yake. Alikaa kwenye benchi letu mwaka mzima akipiga hesabu kwa vidole, kisha akatoa hukumu: chochote anachosema binti yangu, zidisha kwa tatu. Basi ikawa ndiyo sheria ya stesheni. Nikisema dakika kumi, watu wanakwenda kunywa chai. Nikisema "hivi punde", kuna mama mmoja muuza nguo alikuwa anarudi kwake kufua.

Jumanne moja ikaja barua kutoka makao makuu. Kuanzia leo abiria aambiwe ukweli wote kwa mkupuo mmoja, pamoja na sababu. Masta aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani, nadhani alitumaini itabadilika. Kisha akaibandika ukutani, juu ya kalenda.

Na Jumanne hiyohiyo baba alikuwa anasafiri. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, watu aliwaona kama nguo zilizoanikwa kambani. Daktari wa macho alifika hospitali ya mji mkubwa mara mbili tu kwa mwaka. Baba alikuwa amengoja zamu yake miezi saba, na zamu yenyewe ilikuwa kesho yake saa mbili asubuhi. Treni kwetu ni moja kwa siku. Akiikosa hiyo, angerudi kukaa nusu mwaka mwingine akipapasa kuta, na mimi roho ingenisuta kila nikimwona anatafuta kikombe kilicho mbele yake.

Treni ilitakiwa saa saba na nusu. Robo saa kabla, simu ya njia ikalia: injini imebadilishwa, itachelewa dakika arobaini. Nikatangaza hivyohivyo, na sababu yake. Nikasikia kicheko benchini, kisha fimbo ikigonga sakafu kuja dirishani kwangu.

"Kasuku," alisema baba. Ndilo jina alilonibandika tangu utotoni, kwa mdomo huu. "Leo wamekupa mpaka sababu! Umepandishwa cheo?"

"Baba, hizi ni arobaini za kweli."

"Na za jana zilikuwa za nini?"

"Sikiliza, baba yangu. Amri imebadilika. Ni arobaini, basi. Usitoke hapa."

"Arobaini mara tatu, saa mbili hizo. Muda wa kunyoa upo. Daktari hawezi kunishika uso ulio kama ufagio."

"Baba, nakuomba!"

"Mwanangu, nakupenda sana, lakini kazi yako naijua."

Akashikwa mkono na yule mama muuza nguo, wakavuka barabara kwenda kwa kinyozi. Nilitaka kumkimbilia, lakini simu ya njia haiachwi bila mtu. Nikabaki nimekaa, nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani zaidi, yeye au mimi.

Dakika ishirini baadaye jukwaa lilikuwa limejaa mizigo na halina mtu. Mabegi yalikuwa yamekaa kwenye mabenchi, ndoo zimepangwa foleni, na mto mmoja umelazwa kushika nafasi ya mwenyewe. Nikampigia baba simu. Begi lake likaanza kulia pale benchini, likalia mpaka likachoka.

Saa nane na dakika saba niliiona treni ikikata kona. Nikatangaza: "Treni inaingia." Hakuna aliyetikisika. Kwao "inaingia" ilikuwa bado chai ya pili. Treni ikasimama. Kwetu husimama dakika tatu tu. Gadi akachungulia nje, akatazama mabegi, akamuuliza masta kama watu wamekufa.

Hapo niliiacha sauti ya asali. Nikakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Baba. Ni mimi, Kasuku. Treni iko hapa mbele yangu, naiona. Nimekudanganya miaka kumi na minne, na wengine wote nimewadanganya. Leo sidanganyi. Usizidishe, baba. Njoo hivyohivyo ulivyo."

Sauti ilinikatika pale mwishoni, na spika zetu zinasikika mpaka sokoni. Niligeuka nikamwona masta amesimama nyuma yangu. Nikajua kibarua kimeota nyasi.

"Rudia," alisema, "na uongeze sauti." Kisha akatoka.

Wakaja. Kwanza alikuja kinyozi, kamshika baba mkono, na baba ana povu shavu moja na kitambaa cheupe shingoni. Nyuma yao soko zima, kila mtu anatafuta begi lake, na wawili wanagombea ndoo. Dakika tatu zilikuwa zimekwisha zamani. Lakini treni haiondoki bila masta kupunga bendera ya kijani, na masta alikuwa anaitafuta bendera. Aliitafuta mfukoni, chini ya benchi, hata ndani ya kofia. Mimi niliiona iko kwapani mwake.

Alipouona mgongo wa baba umeingia mlangoni mwa behewa, akaipata.

Amri ni amri. Nikatangaza: "Treni imechelewa kuondoka kwa dakika sita. Sababu ni bendera ya stesheni masta." Alinitolea jicho, ila barua ilikuwa ukutani na yeye ndiye aliyeibandika.

Baba alirudi Jumamosi. Nilikuwa nimetangaza dakika kumi na mbili, na abiria kama wanne hivi walibaki kwenye benchi, wengine wakaondoka lakini hawakufika mbali. Akashuka mwenyewe, hakushikwa mkono, miwani myeusi usoni. Shavu lililonyolewa lilikuwa linaanza kulifuata lenzake kwa ndevu. Akaja moja kwa moja dirishani, fimbo kaibana kwapani kama masta na bendera yake.

Akavua miwani. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, na lilikuwa linanitazama. Halikutazama upande sauti inakotoka kama zamani. Lilinitazama mimi.

"Kasuku," alisema taratibu. "Kumbe una mvi."

"Kidogo tu, baba."

"Tangu lini?"

"Mwaka mmoja hivi."

Akainua mkono, akahesabu kwa vidole.

"Mitatu," alisema.

Na ilikuwa mitatu.