Pasipoti Mbili za Kwenda Harbin

Kosa langu lilikuwa kupeleka pasipoti kanisani. Sisi Wakongomani wa St Marys, hapa Sydney, Australia, hatusafiri kabla pasipoti hazijawekwa madhabahuni zikaombewa, na mimi kwa ujinga wangu niliziweka zote mbili, yangu na ya binti yangu Bénie. Ibada ilipokwisha, Mchungaji Salvator akazikabidhi kwa mume wangu, Kalume. Eti yeye ndiye kichwa cha nyumba.

Safari ile tuliipanga miezi minane, mimi na Bénie, mezani, kila nikitoka kazini: Harbin, kaskazini mwa China, kwenye tamasha la sanamu za barafu na theluji. Bénie ana miaka kumi. Alichora kila alichotaka kukiona, na cha kwanza kilikuwa mtelezo mrefu wa barafu, yeye amekaa mapajani mwangu. Mimi nimefanya kazi miaka sita ndani ya ghala la samaki wa kugandishwa huko Wetherill Park. Nilitaka mara moja tu nione barafu isiyo na samaki ndani, tena nikiwa na mwanangu. Mwanzoni Kalume alitucheka. Alipoona tiketi, aliacha kucheka.

Tulipofika nyumbani, alikwenda moja kwa moja jikoni akawasha gesi azichome zile pasipoti.

"Baba Bénie, nipe pasipoti."

"Bibi wa nani anaachaka bwana yake, anaenda China kuangalia ma-glaçons, barafu tu? Unatafuta nani kule?"

"Nipe, nimesema!"

Kofi lilitua, sikio likavuma. Nilipomrukia, akauvuta mkono wangu wa kushoto akautia kwenye droo ya vijiko, akaifunga kwa kiuno chake. Nilisikia kidole kikivunjika. Mtu huyu amenipiga miaka kumi na mmoja, na kila mara wazee wamekuja, tumekunywa Fanta, nimesamehe. Siku ile nilikuwa nimechoka.

Kwenye sinki kulikuwa na thomson, samaki wetu wa Jumapili, bado wamegandamana kama tofali. Nililinyanyua bonge lile kwa mkono mzima nikamtandika nalo usoni. Pua ikapasuka. Akapiga magoti, pasipoti zikaanguka sakafuni. Ningeweza kuziokota nikaondoka. Sikuondoka. Nilimpiga mdomoni, nikampiga begani, nikaipiga mikono aliyojikinga nayo. Jino liliruka likagonga kabati, na sitawaficha, nilisikia raha.

"Basi, Mama Bénie! Basi!"

Nilimpiga tena kwa sababu ya hilo neno. Mimi nimelisema mara ngapi?

Niliacha pale samaki walipoanza kubanduka mmoja mmoja. Nilizima gesi, nikaokota pasipoti, nikazifuta damu kwa kitenge changu. Nilipogeuka, Bénie alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Niko nazo, mama," nilimwambia, nikihema. "Tunaenda. Shika yako."

Hakuishika. Alikuwa amefunika kichwa kwa mikono miwili, na aliyekuwa akimwogopa ni mimi. Sijawahi kumgusa mtoto huyu hata kwa fimbo.

"Bénie, ni mimi."

"I don't want to go with you," alisema.

Akanipita akijibana ukutani, akapiga magoti kwenye damu, akaanza kumfuta baba yake uso kwa gauni lake la kanisani.