Kura ya Ijumaa

"Hiyo umeitoa chini," Ofelia alisema. "Mwenzangu umempa ya juu. Mimi kwa nini ya chini?"

Bosi Pruett akabaki na karatasi ya kura mkononi, tabasamu la asubuhi bado liko usoni. Foleni nzima ya wafuaji wa kiwanda ikageuka kutazama.

"Ofelia, karatasi zote ni sawa."

"Kama ni sawa na hazina alama ya kutujulisha nani ni nani, basi hutaumia tukizichanganya."

Tiburcio wa kwenye mapipa ya kufulia akasukuma toroli tupu la mashuka hadi mezani. "Mwaga humu, bosi. Sisi watu wa kufua, acha tuzikoroge!" Watu wakaangua kicheko. Pruett akamwaga, masikio yamemwiva, na Ofelia akaingiza mikono hadi viwiko akazivuruga, kisha kila mtu akaokota yake. Walimpigia makofi. Kwa muda alijiona mrefu kuliko alivyo.

Hakushuku bure. Sheria ya California inasema ukipita saa nane kwa siku, saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya kawaida. Lakini sheria hiyohiyo imeacha mlango wa nyuma: theluthi mbili ya wafanyakazi wakikubali kwa kura ya siri, kiwanda kinaweza kuwafanyisha kazi saa kumi kwa siku, siku nne, kwa malipo ya kawaida, na Ijumaa wakakaa nyumbani. Kwa Ofelia, saa za ziada ndizo zilizolipa kodi ya nyumba. Bila hizo angehama Fresno akabanane na mwanawe kule Bakersfield, chini ya mkwe asiyempenda. Halafu tangu lini Pruett akawaletea donati? Tangu lini akamuuliza mtu hali ya goti lake?

Ila aliyemkosesha raha zaidi hakuwa Pruett. Alikuwa Zoua, mwenzake wa kwenye mashine ya pasi, mmoja ameshika pembe hii ya shuka, mwingine ile, miaka nenda miaka rudi. Mume wa Zoua husafishwa figo, na kila Ijumaa Zoua huomba ruhusa ya kumpeleka hospitali, akanyimwa mara nyingi kuliko anavyopewa. Juzi Ofelia alimkuta akinong'ona na Pruett mlangoni mwa stoo. Walipomwona wakaachana.

"Alikuwa anataka nini?" alimuuliza wakati wa chakula.

"Ananiulizia mgonjwa."

"Pruett? Aulizie mgonjwa?"

"Kula wali, dada." Zoua akamsogezea wali wake wa kunata kama kila siku, na Ofelia akala huku akimchunguza uso.

Mchana kura zilihesabiwa mbele ya wote. Ofelia alisimama karibu kabisa, asije Pruett akapitisha mkono. Hakupitisha. Ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo. Ndiyo zikavuka theluthi mbili na chenji ikabaki. Hakuna aliyeiba kitu, na hilo ndilo lililomuuma.

Akageuka kuwatazama waliompigia makofi. Tiburcio alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa.

"Hata wewe?"

"Nina watoto wadogo, mama. Ijumaa..."

Kengele ikawarudisha kazini. Ofelia na Zoua wakasimama kwenye mashine yao.

"Zoua. Niambie tu, sitakasirika."

"Umeshakasirika."

"Ulipiga ndiyo?"

Zoua aliitafuta pembe ya shuka bichi. "Si wewe uliyezivuruga ili mtu asijulikane? Basi niache nisijulikane."

"Mimi si Pruett!"

"Najua. Pruett hajaniuliza."

Shuka likaingia kwenye rola. Ofelia alivuta kwa nguvu, Zoua hakuvuta, likaenda upande, likajikunja ndani, na harufu ya pamba inayoungua ikaanza kupanda. Kitufe chekundu cha kuzima mashine kilikuwa katikati yao. Walitazamana juu ya mvuke, kila mmoja akingoja mkono wa mwenzake.