Wahome Aazimwa kwa Mbayuwayu

Kwa miaka kumi na tisa Wahome alihudumu katika ndege za Korongo, shirika la taifa, na kwa miaka hiyo kumi na tisa mtaa mzima wa Fedha ulilazimika kujua. Ukimkuta kwa kinyozi, atakueleza ni mvinyo gani unanywewa pamoja na samaki. Ukimkuta matangani, atakueleza jinsi watu wa London wanavyozikana kwa nusu saa tu, bila kipaza sauti. Alikuwa na koti la buluu lenye mistari mitatu ya dhahabu mkononi, na alilivaa hata akienda kununua sukuma wiki.

Korongo ilipozaa shirika dogo la bei nafuu, likaitwa Mbayuwayu, likapewa ndege tatu kuukuu zenye viti visivyolala, Wahome alicheka mpaka akatokwa na machozi. "Mama amezaa uzeeni," alisema. "Huyo mtoto hatatembea."

Maneno hayo aliyasemea Soko la Burma, kwenye bucha ya Mzee Makokha, alikonunua nyama kila Jumamosi. Aliyekuwa akimkatia ni Asenath, binti ya mzee, msichana wa kutoka mtaa wa Tena. Asenath alikuwa ameomba kazi Mbayuwayu, na wiki hiyo alikuwa ameitwa aanze. Akamwambia.

"Wewe?" Wahome alishangaa. "Utawauliza abiria wanataka steki ama mbavu?"

Asenath aliendelea kufunga nyama. "Nitawauliza kama wamefunga mkanda, Bwana Wahome. Mengine watajipanga."

Basi mtoto akatembea. Watu waliozoea kwenda Kisumu kwa basi, magoti kidevuni, waligundua kwamba ukikata tiketi mapema unaweza kuruka na bado ukabaki na hela ya kuku. Ndege tatu zikawa tano, tano zikawa tisa. Walianza na Kisumu, Mombasa na Eldoret, wakaenda Malindi, kisha wakavuka mpaka hadi Entebbe na Zanzibar. Mama naye akazidi kukonda. Ndege zake mbili kubwa zilikaa uwanjani zikingoja vipuri, na mkutanoni wakubwa wa Korongo wakawa wanazungumza na wakubwa wa Mbayuwayu kwa ile sauti ya baba anayempigia mwanawe simu kumuuliza kama mvua imenyesha huko, kumbe anataka elfu mbili.

Ndege zikiwa zimesimama, wahudumu nao walisimama. Wahome akapata barua: kwa miezi sita ameazimwa kwa Mbayuwayu.

Aliripoti Jumatatu, amevaa koti lake. Msimamizi wa safari ya Kisumu alikuwa Asenath.

"Karibu sana, Bwana Wahome. Koti utaliacha hapa. Sisi tunavaa hii."

Ilikuwa fulana ya manjano, yenye picha ya mbayuwayu anayetabasamu. Juu ya tumbo la Wahome yule ndege alinenepa ghafla akafanana na bata.

"Na hii ni trei yako," Asenath alisema. "Maji, soda, karanga. Tuna dakika kumi na tano za kuuza kabla hatujaanza kushuka."

"Asenath, mimi nimehudumia mabalozi."

"Walilipa?"

"Kwani mabalozi hulipishwa maji?"

"Basi hujawahi kuuza kitu. Utaanzia viti vya nyuma."

Ndege ikaruka. Wahome alisimama nyuma kabisa, trei mikononi, mdomo ameufunga kama mtu anayepigwa picha ya polisi.

Katika kiti cha kando, safu ya kumi na nne, aliketi Mama Kageha, aliyekuwa akienda arusi ya mpwa wake huko Vihiga. Pale langoni aliambiwa sanduku lake limezidi uzito na atalazimika kuongeza pesa. "Niongeze nini?" aliuliza. Akafungua sanduku mbele ya watu wote, akaanza kuvaa. Alivaa magauni manne, sweta mbili, na juu yake koti la marehemu mumewe. Wafanyakazi walisoma kanuni mara mbili, hawakupata pahali palipokataza mtu kuvaa. Akapanda ndege akitembea kama godoro lililosimamishwa wima.

Dakika kumi angani, kichwa chake kikaanguka begani kwa jirani yake, mfanyabiashara wa vitambaa aliyeitwa Qamar.

"Jamani!" Qamar alipiga kelele. "Mama ananifia!"

Wahome alitupa trei kitini. Kabla Asenath hajafika, alikuwa amepiga magoti, vidole kwenye mshipa wa mkono wa yule mama.

"Moyo unapiga vizuri. Ni joto. Lazima avuliwe. Leteni blanketi tumsitiri."

"Blanketi?" Asenath alisema. "Hapa ni Mbayuwayu, Bwana Wahome."

Qamar akavua leso aliyojitanda. Wahome akaishika juu kama pazia, akageuza uso upande wa pili kwa heshima zote, na Asenath akaanza kazi.

"Koti!" abiria wa mbele walihesabu. "Sweta! Sweta ya pili! Gauni!"

Kwenye gauni la pili pakiti ya sukari ya kilo mbili ilianguka sakafuni. Gauni la tatu lilipotoka, ndege nzima ilipiga makofi. Mama Kageha akafungua macho.

"Nani amechukua sukari yangu?" aliuliza.

Wahome alimshika kichwa, akamnywesha maji polepole. "Iko hapa, mama. Usiongee. Kunywa kidogo kidogo."

"Asante, mwanangu. Maji matamu haya."

"Hata mimi nataka hayo matamu!" mwanamume mmoja alidakia kutoka nyuma.

Wahome aliinuka. Magoti yalikuwa na vumbi, na fulana ilikuwa imempanda hadi kitovuni. Aliokota trei yake. Alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ni ile ya mvinyo.

"Maji haya, mheshimiwa, ni mepesi ulimini. Lakini ningekushauri uyatangulizie karanga. Zimekaangwa kwa subira. Utaanza kusikia chumvi, baadaye moshi."

"Lete pakiti mbili nisikie huo moshi!"

Walipoanza kushuka, trei ilikuwa tupu.

Miezi ikapita. Mbayuwayu iliongeza ndege mbili na kuajiri wahudumu wapya arobaini, na aliyewafundisha ni Wahome. Kisha vipuri vya Korongo vikafika, na barua nyingine ikaja: arudi. Alimpelekea Asenath aisome.

"Sasa?" Asenath aliuliza.

"Kule nikipita na chupa, watu wanatazama chupa. Yule mama, tulipotua Kisumu, alinishika mkono hakutaka kuniachia."

Asenath alimrudishia barua. "Ukibaki, mimi bado ndiye mkubwa wako."

"Najua."

"Basi twende, tuna ndege ya saa saba."

Aliyekasirika ni Njoki, mke wa Wahome. Alikuwa amezoea mume wa siku kumi kwa mwezi. Sasa, kwa safari fupi za Mbayuwayu, alikuwa naye kila jioni, anapanga upya vijiko vyake na kumfundisha kukunja taulo. Jumapili moja mchungaji alipouliza ni nani ana ombi, Njoki alisimama, akaomba Mungu aikuze zaidi Mbayuwayu, ifungue safari za mbali, hasa zile za kulala huko huko.

Waumini wakaitikia amina. Wahome, aliyeketi kando yake, aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.