Kitenge cha Senene za Mwaka Ule

…basi nimeambiwa ninyooshe mikono na nimeinyoosha, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa nimesimama katikati ya chumba cha ushonaji hapa Nshamba, mikono imetanuka huku na huku, na Restituta anapitisha futi nyuma ya mgongo wangu bila kunigusa, sijui amejifunzia wapi, futi inanigusa lakini yeye hanigusi, na mimi njia nzima kutoka Dar nilikuwa napanga atakavyoniona, atashika mdomo, ataangusha kitu, nilikuwa nimeshamchagulia hata kitu cha kuangusha, mkasi, na mkasi uko pale mezani umetulia, haujaanguka wala hautaanguka, maana aliponiona mlangoni alisema tu, "Ildefons, karibu waitu, umekuja na kitambaa au unachagua hapa?"… Ildefons, jina zima, kama anasoma cheti cha ubatizo, na waitu ya adabu anayompa kila mgeni, wakati zamani nilikuwa Fonsi, na hakuna aliyeniita hivyo isipokuwa yeye… "Bega kumi na nane," anasema sasa, na Violeth, mwenzake wa cherehani ya pili, anaandika kwenye daftari halafu anarudi kwenye sketi yake ya shule, hanitazami, anajitahidi sana asinitazame, ina maana anajua, ina maana nimeshazungumzwa humu ndani, si mara moja, ningependa kujua walisema nini, hapana, nisingependa.

Na kitenge kiko mezani, hilo ndilo la kufikiria, acha hayo mengine, kitenge kiko mezani kimetandazwa, yadi sita, njano na buluu, maua makubwa, nilikinunua jana sokoni Bukoba, dada yangu Agnetha akanichagulia maana mimi nilikuwa nataka cha kijani, na kitenge hicho ni chake, ni cha Restituta, ndicho kilichonileta, mpango ulikuwa niingie, nisalimie, nikitoe mfukoni, nimpe kwa mikono miwili, halafu niseme yale maneno, nikaingia, nikasalimia, nikakitoa, na yeye akakipokea kifundi, akakipapasa, akauliza, "Shati au kaptula?"… na mimi huyu, mimi niliyepanda basi siku nzima na usiku wake kwa ajili ya dakika ile, nikasema shati. Akauliza yadi sita zote kwa shati moja, nikasema ndiyo. Akasema maua haya ni ya kike, nikasema ndiyo mtindo wa Dar siku hizi, uongo mtupu, na kwa sababu nilitaka kutoka mle ndani haraka nikaongeza kwamba nasafiri jioni, shati liwe tayari, kwa hiyo akisha kunipima anakata, hapo hapo, chaki ameshaivuta mara moja kuanzia kwenye pindo, mstari mweupe juu ya ua la njano, bado kifua, kiuno, mkono na shingo, vipimo vinne ndivyo vimebaki kati yangu na mkasi… sema, Ildefons, fungua mdomo useme… "Geuka kidogo, uangalie nje," ananiambia, nageuka.

Nje kuna migomba ya jirani, kahawa imeanikwa kwenye turubai, mama mmoja anaigeuza kwa mguu huku anatazama wingu, mvua ya Novemba inakuja, na ikija mvua hii senene, wale panzi wetu wa kuliwa, nao wako njiani, leo asubuhi wakati naondoka kwetu Nshambya, pale Bukoba, mawe, mama yangu, alisimama mlangoni akanusa hewa akasema wiki hii watashuka, mawe hakosei, ila hakuniuliza naenda wapi, alijua, wote wanajua, Agnetha ndiye alinitibua juzi mezani, nilikuwa nimenuna kwa sababu ndizi zilipikwa na maharage na mimi nilishasema nataka samaki, nilinuna, naungama, nikasogeza sahani, na Agnetha akasema mbele ya mawe, "Wewe hujarudi kumfuata Restituta, umerudi kutafuta mtu wa kukubembeleza." Nikaondoka mezani nikalala saa mbili na njaa yangu, nikisubiri mlango ubishwe, haukubishwa, nikasikia wanacheka sebuleni mambo yao mengine kabisa… na nilishangaa, hilo ndilo linaloniuma sasa hivi na mikono yangu hewani, nilishangaa kwamba mtu anaweza kununa na nyumba ikaendelea na shughuli zake.

"Kifua arobaini na moja," … arobaini na moja, nimenenepa, alikuwa anajua kifua changu bila futi… senene zile alizonitumia Dar zilikuja kwenye ndoo ndogo nyeupe ya lita tano, mfuniko umefungwa kwa plasta kuzunguka pande zote, nilizipokea Ubungo kwenye ofisi ya mizigo, jina langu limeandikwa kwa mwandiko wake, na ndani zimekaangwa vizuri, kavu, hakuna bawa hata moja, hakuna mguu hata mmoja, na anayejua senene anajua maana yake, ni kukaa chini siku nzima na kuchambua mmojammoja, vidole vinageuka rangi, na wa ndoo nzima ni siku mbili, tatu, na mama yake, mama Anatolia, yuko pembeni anaona binti anamchambulia nani. Kwetu jambo hili halihitaji maelezo. Mwanamke akikuchambulia senene, unamrudishia nguo. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno, lakini kila mwaka mawe akishamwekea senene zake kwenye kikapu, wiki haiishi baba anarudi kutoka Muleba na kitambaa kwapani, anakiweka kitandani, hasemi kitu, na Krismasi mawe amekivaa kanisani, anapita katikati ya viti na watu wote wanaona kwamba huyu mama anaye mtu. Mimi nilikua nikiona hivyo kila mwaka. Nilijua… tulizila jioni moja, mimi na wale vijana wenzangu wa Sinza, kwa bia, tukizigombania, mmoja akasema dawa yake ni pilipili, ndoo ikaisha, na nikamtumia Restituta ujumbe wa sauti, sekunde sita, "Resti, zimefika, mwakani ongeza chumvi," wenzangu wanacheka nyuma yangu, wanasikika kwenye ujumbe, na nguo sikutuma, nikasema hayo ni mambo ya wazee, mimi nakaa Dar.

…anahama upande, ananukia sabuni na kitambaa kipya… wiki tatu baadaye alinipigia, akaniuliza kwa upole kama nina lolote la kumwambia, nikasema lolote lipi, akasema basi waitu, akakata, na mimi nikaona amenidharau, nikanuna, nikaifungia namba yake ili ajue, nikasubiri aone nimemfungia ahangaike, apite kwa Agnetha, apite kwa mawe, hakupita, miaka miwili nasubiri mlango ubishwe, halafu nikasikia ameolewa Kibeta na mwalimu mmoja anaitwa Aristides, nikasema amenisaliti, niliwaambia watu kwa mdomo huu, amenisaliti, mimi niliyemfungia namba… na mwaka huu, mwezi wa sita, Agnetha aliponiambia ndoa imevunjika, Resti amerudi kwa mama yake na mtoto wa miaka saba, anaitwa Celina, nilifanya nini mimi, ngoja nikumbuke vizuri, nilifurahi. Niliwanunulia soda watu wa kazini. Mwanamke amefunga mizigo yake, amepanda milima hii na mtoto, amepita mbele ya majirani wanaojua kila kitu, na mimi Dar nilikuwa nainua chupa ya soda, nikisema sasa njia nyeupe.

"Kiuno thelathini na tisa," na Violeth anakohoa, sijui ni kikohozi au ni kicheko, kiuno na umri wangu vimelingana… ukutani kuna sare ya mtoto imening'inizwa, shati jeupe dogo, ukosi umeshonwa kwa mikono maana mishono haiko sawasawa, ni ya Celina hiyo, bila shaka, na kidole cha Restituta cha shahada kina ngozi ngumu pembeni, hakikuwa nayo, na pale kwenye kona ya jicho… sijamuuliza hata hali, ndiyo, niliposalimia nilisema habari za siku nyingi na yeye akasema nzuri na mimi nikaendelea na kitenge, sijamuuliza mama Anatolia anaendeleaje na miguu, sijamuuliza alianza lini kushona, sijui kama anapenda kazi hii, maneno niliyokariri kutoka Morogoro mpaka Kahama, nikiyapitia sasa, yote yanaanza na mimi, mimi nimeteseka, mimi sijampata mwingine, mimi naomba turudi, yangu matupu… na hivi sasa ninachofanya ni nini, ninamwacha akate. Hapo ndipo nilipofika. Nilikula senene zake na sasa navaa nguo yake, na nitaipiga pasi, na nitasema nilikwenda, nilijaribu, mwanamke mgumu yule… anachukua mkono, kutoka begani mpaka kwenye kifundo, futi inateremka, anainama kusoma, nauona utosi wake, mvi mbili, tatu, naye amekua bila mimi… "Mkono ishirini na tano." Imebaki shingo. Anapita nyuma yangu na futi inakuja mbele, inanizunguka kooni, kama ni kusema ni sasa kabla haijakaza.

"Resti," nasema, na sauti inatoka ndogo, "usikikate hicho." Futi inasimama. Ananiuliza kwa nini, yuko nyuma yangu, uso wake siuoni, naona kahawa ya jirani na lile wingu. "Si cha shati. Ni chako. Ni cha senene." Cherehani ya Violeth imenyamaza. Natafuta yale maneno ya Morogoro mpaka Kahama na hayapo hata moja, kilichobaki ni kifupi, nakisema kilivyo, kwamba nilizila na wenzangu kwa siku moja, na sikumrudishia kitu, na nilijua. Hilo la kujua sijawahi kulisema, kila mara nilisema nilisahau, nilikuwa na mambo mengi, Dar ni Dar… "Nilijua, Resti. Nisamehe."

Mama wa kahawa anaanza kukunja turubai, tone moja limegonga bati. "Senene za mwaka gani?" anauliza, na anajua mwaka, nani kama yeye, nasema za mwaka ule, naye anasema taratibu, "Na chumvi ilitosha?" … kumbe ujumbe ule aliusikiliza, na vicheko vile vya nyuma alivisikia, miaka kumi anavyo… "Ilitosha," nasema, "mimi ndiye sikuwa na adabu." Na sasa ananyamaza, na hapa namsikia yule Fonsi wa siku zote anaamka ndani yangu, aseme basi, ajibu, nimetoka Dar, nimeomba msamaha mbele ya mtu, au ameona ni kitu kidogo, na mdomo wangu wa chini unaanza kusogea mbele, naujua huo mdomo, mawe alikuwa anasema kuku anaweza kulala juu yake, unasogea, nauona kabisa kwenye kioo cha wateja kilichoegemezwa ukutani, mwanaume wa miaka thelathini na tisa na futi shingoni na mdomo umechomoza… naurudisha. Ni kazi, jamani, lakini unarudi. Na kwa sababu kimya bado kipo na si lazima kiwe changu, namuuliza Celina anasoma darasa la ngapi.

"La pili," anasema. Nangoja, siongezi kitu, na kwa kweli sijawahi kungoja namna hii, bila kuhesabu… "Anapenda hesabu," anasema, na hilo sikumuuliza, amelitoa mwenyewe, na sauti yake imelainika pale kwenye neno hesabu kwa sababu ya mtoto wake, si kwa sababu yangu, na mimi nafurahi vilevile, sijui furaha hii inaitwaje, haina soda, sijapewa ahadi yoyote, pengine kesho ataniambia nenda salama na mama Anatolia atafunga mlango, na hata hivyo kesho nitapita kumuulizia miguu… namwona kwenye kioo anakwenda mezani, anafuta mstari wa chaki kwa kiganja, mara mbili, tatu, anakikunja kitenge katikati, tena katikati, anaweka kiganja juu yake kama mtu anayepima joto la kitu, na hakirudishi kwenye mfuko wangu, anakiweka kwenye kiti chake, pale anapokaliaga akishona.

"Kitambaa cha shati utachagua kwenye kabati," anasema, na futi inarudi kooni kwangu, "na nyoosha mikono, Ildefons, umeishusha."

Kupima shingo hakuhitaji mikono inyooshwe, najua hivyo, na yeye fundi anajua zaidi. Nimeinyoosha.