Nilivyobeba Nchi Kwenye Barafu

Jana usiku niliota nimeteuliwa kwenye timu ya taifa ya michezo ya baridi, na wala sikushangaa.

Barua nililetewa na Katibu wa msafara, bwana mmoja mwenye tai iliyofika magotini. Alinikuta uani kwangu, hapa hapa Mabatini, nakata barafu kwa msumeno. Kazi yangu ndiyo hiyo. Nachukua mapande kiwandani, nayafunika maranda ya mbao yasiyeyuke, kisha nawapelekea akina mama wa samaki sokoni. Maranda napewa bure na fundi Malimi, seremala tunayepakana naye ukuta. Malimi alifiwa na mkewe, na huu mwezi wa tatu ananiuliza kama nitakubali anioe. Mimi humwambia nitamjibu barafu ikiisha. Hucheka, kisha hurudi kwenye randa yake.

"Kamati imekuteua wewe, mama Kwandu," akasema Katibu. "Tumetafuta nchi nzima mtu mwenye uzoefu wa barafu. Wewe una miaka kumi na mmoja."

"Uzoefu wa kuiuza," nikamwambia.

"Fomu haikuuliza uzoefu wa nini."

Nikaingia ndani kutafuta sweta. Nilipotoka, ua haukuwepo. Nilikuwa kileleni mwa mlima mweupe, nimevaa kanga na ndala, na ndoo yangu ya maranda iko mkononi. Sweta sikuwa nalo. Katibu alikuwa amenitangulia, anakunywa kahawa kwa kashata.

Wachezaji wa mataifa mengine walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na furushi mgongoni. Wote waliongea Kiswahili, tena chenye lafudhi ya Kisukuma. Nikamuuliza Katibu mafurushi yale yana nini.

Akafungua faili. "Kanuni ya nne. Kila mchezaji atabeba taifa lake."

Akanikabidhi la kwetu. Lilikuwa na joto, ukubwa wa mtoto wa miezi tisa, limezongwa kanga. Nikatega sikio. Ndani watu walikuwa wakibishana bei ya nyanya. Jogoo akawika, kengele ya shule ikalia. Karibu kabisa nikamsikia mwanangu Kwandu anakoroma. Ana miaka sita, lakini hukoroma kama babu aliyelima kutwa. Na pembeni yake, nyuma ya ukuta, randa ya fundi Malimi: shwaa, shwaa.

"Si zito," akasema Katibu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikalibeba mgongoni, nikakaza kanga kifuani, na hapo ndipo hofu iliponiingia.

"Likianguka je?"

"Kanuni ya tano. Mchezaji akiondolewa, taifa lake nalo linaondolewa." Akafunga faili. "Wewe usianguke tu, mama."

Mwamuzi alikuwa mizani, ile ya kuning'iniza ya sokoni, na sindano yake ndiyo iliyokuwa jicho. Alilipima kila furushi kabla halijashuka. La kwetu alilitazama kwa muda mrefu. "Nimelipima," akasema. "Lirudi hivi hivi."

Mbele yangu alikuwa dada mmoja mwenye nywele nyekundu. Akapanda ubao wake wa kutelezea, akashuka kwa kasi hata nikamsifu moyoni. Kwenye kona ya tatu ubao ukapaa, na furushi lake likaruka peke yake ng'ambo ya ukuta wa barafu. Halikutoa kishindo chochote.

"Nje," ikasema mizani.

Kwenye ubao wa majina mstari mmoja ukafutika. Dada akapanda mlima kwa miguu, akaja kusimama karibu yangu.

"Pole, dadangu," nikamwambia. "Unatoka wapi?"

Akafungua kinywa. Akafikiri. "Asubuhi nilikuwa najua," akasema. Kisha akaketi kwenye theluji na kuanza kuhesabu vidole vyake, kila kimoja akikitazama kama amekiazima.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa namna ile, hata siku ile Kwandu alipomeza kifungo. Nikamwambia Katibu naomba kurudi nyumbani. Akanijibu kwamba nyumbani nimepabeba mgongoni, nirudi wapi tena?

"Panda," ukasema ubao wangu. Ulikuwa na sauti ya bibi kizee. "Mimi sina breki, mjukuu wangu, nakuambia mapema tusije tukalaumiana. Na usilie. Machozi yanagandisha vyuma vyangu."

Nikapanda, nimelala kifudifudi, furushi mgongoni, ndoo mkononi. Hakuna aliyeniambia niiache ndoo.

Nashuka. Upepo unaingia mpaka kwenye meno. Kona ya kwanza naipita kwa ubavu. Ndani ya furushi watu wanapiga kelele kwamba kumechafuka, mabati yanang'oka, na mama mmoja anamwita mwenzake waanue nguo. Naenda kona ya pili. Fundo la kanga linalegea, nalisikia, na mikono yangu imekufa ganzi.

Mara ubao unasimama katikati ya njia. Barafu imeung'ang'ania.

"Nyamizi," inasema barafu. Inanijua kwa jina. "Uliniuza vipande vipande."

"Naomba nipite," nasema.

"Ulinikata kwa msumeno. Nilikuwa pande moja."

"Nilikufunika," nasema, nalia sasa. "Kila siku ya Mungu nilikufunika."

"Ni kweli. Huku hakuna anayenifunika. Wananikwaruza na vyuma tangu asubuhi, halafu wanapigiana makofi." Inatetemeka. "Nina baridi, Nyamizi."

"Niachie. Nimebeba mtoto."

"Basi nipe cha kujifunika."

Fundo limefunguka upande mmoja. Nageuza shingo, natazama: mguu wa Kwandu umechomoza nje ya furushi, na vidole vyake vinageuka bluu, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio.

"Chukua maranda!"

"Yote?"

"Yote!"

"Mpaka yanakotoka?"

Sikufikiri. Nasema ukweli, sikufikiri hata chembe. Kidole cha tatu kilikuwa kimeshageuka. "Yote nimesema, chukua!"

Nikaimwaga ndoo. Barafu ikajivuta chini ya maranda kama mzee anayevuta blanketi, ikashusha pumzi, na ubao ukaachiwa. Niliurudisha mguu wa mwanangu ndani, nikaling'ata fundo kwa meno, na sikulitoa mdomoni mpaka chini.

Tulikuwa wa mwisho ukimwondoa yule dada. Lakini jina letu lilibaki kwenye ubao wa majina, na Katibu alipiga makofi mpaka tai ikamzunguka shingo.

Mizani ikalipokea furushi. Sindano ikatikisika, ikatulia.

"Limepungua."

"Limepungua nini?"

"Kilo sitini na nane, pamoja na vifaa vya kazi."

Katibu akafungua faili, akapiga hesabu kwa kidole hewani. "Inaruhusiwa," akasema. "Kwa nchi kubwa kama yetu, hiyo si kitu. Hongera, mama."

Nikalinyakua furushi nikaliwekea sikio. Kwandu anakoroma. Nyanya zinabishaniwa bei. Jogoo, kengele. Nikasikiliza tena na tena, nikijua kuna sauti haipo, na kila nilipokaribia kuikumbuka, watu walinipigia makofi.

Nikaamka jasho linanitiririka. Kumekucha. Kwandu alikuwa ubavuni mwangu, mzima, mguu mmoja nje ya shuka. Nilivishika vidole vyake. Vitatu vilikuwa vya baridi. Nikavisugua mpaka vikapata joto, nikamshukuru Mungu, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Na nikiwa katika kucheka kule nikaona nimemchezea Malimi vya kutosha. Mtu unabeba nchi nzima mgongoni, utashindwaje kusema ndiyo?

Nikamwamsha mtoto, nikamwambia achukue ndoo pale mlangoni.

"Nenda kwa fundi Malimi atupe maranda. Na umwambie mama amesema barafu imeisha. Useme hivyo hivyo, ataelewa."

Kwandu akaishika ndoo kwa mikono miwili, akanitazama, usingizi bado machoni.

"Fundi gani, mama?"

Nikatega sikio ukutani. Upande wa pili palikuwa kimya.

Nikaichukua ndoo kutoka mikononi mwake. Chini kabisa palikuwa na kipande kimoja cha maranda, kimejikunja, kimeganda ndani ya barafu nyembamba. Nikavua kanga yangu, nikakifunika upesi kisiyeyuke.