Sauti ya Nne ya Nyufa

Jumapili alasiri bendi ya Nyufa ilikuwa ikifanya mazoezi katika stoo ya mahindi nyuma ya soko la Rongo. Jumamosi hawakupiga, kwa sababu Bichage, mpiga ngoma, ni Msabato na mama yake hangekubali. Priscah aliimba na kupiga gita, Emmah akashika besi. Muziki wao ni roki ya mayowe, ile ambayo mwimbaji hunong'ona kidogo halafu hupasuka kama chupa. Wauza nyanya walikuwa wamekwisha kuizoea. Walipandisha tu sauti zao.

Katikati ya wimbo, mwanamume akajibu kutoka ndani ya spika ya besi. Emmah akachomoa waya. Sauti ikaendelea.

"Huyo ni Jacktone," Priscah akasema.

Jacktone alikuwa kaka yake. Mwaka uliotangulia shimo la dhahabu lilibomoka huko Osiri likamfukia pamoja na wenzake. Watu walichimba kwa sururu na kwa mikono, wakisikia mawe yakigongwa chini. Kisha mwenye shimo, Bwana Obare, akaliondoa tingatinga lililokuwa likisaidia kuchimba, akalipeleka kwenye shimo lake lingine, na mchungaji akauombea udongo.

"Omera, ndugu yangu, uko sawa?" Bichage aliiuliza spika.

"Kuna joto," Jacktone akasema. "Lakini nyinyi mnaingia korasi mapema sana. Rudieni."

Wakarudia. Ikawa tamu kweli.

Tangu siku hiyo Nyufa wakawa wanne. Wimbo wao "Chimbeni" ulirekodiwa kwa simu, Priscah akipiga mayowe juu, Jacktone akimjibu chini kwa sauti yenye changarawe. Kabla mvua haijaanza, kila bodaboda kutoka Migori hadi Homa Bay ilikuwa ikiupiga. Bashir, anayeuza simu mjini Rongo, aliuwekea spika mlangoni na kuuzima wakati wa swala tu. Watoto waliucheza wakienda kuteka maji. Priscah alitembea sokoni akihisi miguu yake haina uzito.

Kwenye tamasha la wanafunzi, alipoyashikilia mayowe ya korasi, nyasi zilipasuka mbele ya jukwaa. Jacktone akapanda juu, mwekundu wa udongo hadi kwenye kope, wenzake nyuma yake, tochi zikiwaka kwenye mapaji ya nyuso zao. Wanafunzi wakasogea kuwapa nafasi, halafu wakaruka nao, bega kwa bega, wakipiga kelele za furaha. Priscah aliporudisha pumzi, wale wanaume wakashuka na ardhi ikafunga. Mlinzi aliisawazisha kwa kiatu.

Walipopiga Ndhiwa, Mama Pamela, mama yao Priscah na Jacktone, alikuja na kikapu cha ugali wa kuon na dagaa wa omena. Jacktone alipotokea, mama alimfuta shingo kwa kanga.

"Mbona umekonda hivi?"

"Mama, tuko katikati ya wimbo."

"Kula. Priscah, shikilia kidogo."

Priscah akashikilia. Aliona kaka yake akimega tonge, akimkonyeza, akicheka mdomo ukiwa umejaa. Priscah hakuwahi kufurahi namna ile. Akashikilia hadi midomo ikawa samawati na masikio yakaziba, kwa maana alijua akinyamaza itakuwaje. Alipozinduka, Emmah alikuwa akimpepea kwa kava la gita, na mama alikuwa akikunja kikapu.

"Amemaliza chakula," mama akasema.

Huko Homa Bay, uwanja wa kando ya ziwa ulijaa hadi vijana wakapanda juu ya paa za vibanda vya samaki. Bwana Obare, mfadhili wa tamasha, alisimama mbele kabisa amevaa fulana ya Nyufa. Jacktone alipotoka alichukua maikrofoni.

"Bado tunagonga," akasema. "Tingatinga lilipoondoka, tuliona mwanga wa jua kupitia udongo. Ilibaki kidogo tu."

Umati ukaitikia kwa mshindo uliowatoa korongo ziwani: "Chimbeni! Chimbeni!" Bwana Obare aliinua ngumi akapaza sauti kuliko wote, na machozi yakamtiririka.

Baada ya shoo Priscah alimfuata.

"Bwana Obare, umesikia."

"Nimesikia, dada. Mistari mizito sana hiyo."

"Basi rudisha tingatinga."

"Hilo liko kazini," akasema kwa upole. "Lakini nafungua shimo jipya Osiri, hapo hapo kando ya lile la zamani. Njooni mtupigie."

Njiani Emmah aliuliza, "Tutaenda?"

"Tutaenda," Priscah akasema. "Mama atapata kumwona Jacktone."

Siku ya ufunguzi jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi. Nyufa walipiga vizuri kuliko siku zote. Jacktone na wenzake walipanda, wakaruka, wakala, wakashuka. Wachimbaji wapya walifunga kamba viunoni huku wakiimba "Chimbeni", wakipigana vikumbo kwa furaha. Mmoja wao, Motari, aliyekuwa ameoa juzi juzi, alimsubiri Priscah anywe maji.

"Dada, mimi huimba besi kwaya ya kanisa. Nikikwama huko chini, mtaniita?"

Priscah alimwomba aimbe noti ya chini kabisa anayoiweza. Motari akaiimba, nzito na safi. Bichage akatikisa kichwa kukubali.

"Tutakuita," Priscah akasema.

Motari akashukuru, akashika kamba, akashuka.