Turubai la Mgeni Rasmi

Wataalamu walipotufungia mtambo wa kusafisha maji, hapa kijijini karibu na Bukiriro, walituachia sharti moja tu: ukae juani. Ni vioo virefu vilivyopakwa unga mweupe wa titani. Mwanga wa jua ukiupiga, unga huo unavunjavunja sumu ya dawa ya kupe inayoshuka na kijito kutoka kwenye josho la ng'ombe. Ukishinda juani kutwa, jioni mnakinga maji ya kunywa.

Kesho yake Ildefonce, mwenyekiti wa kamati ya maji, akaufunika kwa turubai la buluu. Mradi hautumiki kabla haujazinduliwa, alisema, akazungushia na utepe. Mimi Adventina, mtunza mtambo, nikapewa kazi ya kulinda turubai lisipeperushwe na upepo. Nimesomeshwa semina ya siku tatu kwa kazi hiyo.

Ikapita miezi minne. Kila wiki mgeni rasmi alikuwa anakuja, na kila wiki alipata dharura. Niragira, mke wa mwanangu, alikuwa mjamzito kwa mara ya tatu. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na muuguzi alimkataza kabisa maji ya kijito. Basi kila asubuhi alivuka kilima kwenda chemchemini, tumbo mbele, ndoo kichwani, akipita kando ya mtambo wangu uliovishwa. Niliona aibu, kisha nikapandwa na hasira. Nikamwomba Ildefonce anifunulie walau kioo kimoja kwa ajili ya mtoto. Akanijibu kwa upole wa padri kwamba kitu kikishafunuliwa, mheshimiwa atakuja kuzindua nini?

Hatimaye mgeni rasmi alifika, saa kumi jioni, jua limeshalegea. Akakata utepe, turubai likavuliwa, tukapiga makofi. Ildefonce akakinga glasi, akampa kwa mikono miwili.

Kwetu anayekaribisha huonja kwanza, iwe pombe ya ndizi au maji, na mheshimiwa ni mzaliwa wa huku huku. Akairudisha glasi akitabasamu.

"Onja kwanza, mwenyekiti."

Ildefonce akaisogeza mdomoni. Harufu ya josho ikampata, mkono ukashuka. Akasema maji hayajaiva, yanataka kutwa nzima ya jua.

"Si mtambo una miezi minne hapa? Turubai lilikuwa la nini?"

"La kukusubiri wewe, mheshimiwa."

Niragira alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka chemchemini mara ya pili siku hiyo. Akaona mgeni ana kiu, akatua ndoo taratibu, akachota kikombe, akaonja, akampa. Mheshimiwa akanywa chote, akamuuliza angependa serikali imsaidie nini.

"Shikamoo, baba," Niragira akasema. "Ukiondoka, ondoka na turubai."